Mlio Asiousikia Mwangi

Kipya kinyemi ingawa kidonda, na siku Mwangi alipoipokea laptop yake mpya katika uwanja wa ndege wa Juba, kidonda hakikuonekana popote. Binamu yake alikuwa ameinunua Nairobi na kumkabidhi rubani mmoja mwenye roho nzuri. Kazi ya Mwangi ilikuwa kupakia na kupakua mizigo ya ndege, na katika maisha yake alikuwa amebeba kila kitu, magunia ya mtama, magodoro, mbuzi wa watu wakubwa. Mizigo mingine aliirusha bila kuangalia inaangukia wapi. Hii aliikumbatia kwa mikono miwili, kama baba anayempeleka mtoto kubatizwa, na wenzake wakampigia makofi hadi getini.

Alikuwa amepanga chumba katika mtaa wa Buluk, katika ua wa Mama Keji, na laptop ile aliinunua kwa sababu ya huyo huyo Mama Keji.

Mama Keji alikuwa mtu wa kabila la Wakuku kutoka Kajo Keji, bibi mwenye miguu myembamba na sauti nene. Wakati wa vita alikimbilia Adjumani, Uganda, na katika kambi ile ya wakimbizi akawa mkunga. Kila mtoto aliyempokea alimtungia mstari mmoja: alikuja siku gani, alitanguliza kichwa au miguu, nani alikuwa akilia nje ya mlango. Mistari ilifuatana ikawa wimbo mmoja mrefu, na kila mstari uliishia kwa neno lile lile la Kikuku lenye maana ya "nikampokea". Aliuimba akifua, akitwanga, akisuka nywele za watu. Amani ilipokuja, watoto wa wimbo ule walirudi Juba wakiwa vijana wazima wenye simu na madeni, na kila mmoja aliujua mstari wake mwenyewe. Wimbo mzima uliishi katika kichwa kimoja tu, na kichwa hicho kilikuwa karibu kusafiri.

Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, mvua zilikuwa zinakaribia, na mwanawe alikuwa amejenga upya nyumba ya Kajo Keji. Mama Keji alitaka kulima karanga zake mwenyewe kabla hajafa. Lori lilikuwa la Jumamosi.

"Mama, ukienda, ule wimbo unaenda nao," Mwangi alimwambia.

"Kama Mungu anapenda, nitarudi."

"Na asipopenda?"

Mama Keji alicheka, akaendelea kuchambua maharagwe. Lakini Mwangi hakuwa akitania. Mama yake mzazi alifariki Nyeri miaka mingi nyuma, yeye akiwa Lokichoggio akipakia ndege za chakula cha msaada. Uso wa mama yake anaukumbuka. Sauti imepotea. Usiku mwingine hujaribu kumsikia akiita jina lake na hapati kitu, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyowahi kumwambia mtu. Alikuwa amejaribu kumrekodi Mama Keji kwa simu, lakini simu ilijaa kabla wimbo haujaanza kukolea, na sauti ikatoka kama ya mtu aliyefungiwa ndani ya debe. Ndiyo maana akaagiza laptop, na binamu yake akaitia ndani programu ya kunasia sauti.

Jioni ya kwanza aliiweka juu ya stuli katikati ya ua, akaiwasha. Jenereta ya jirani, Marino, ilikuwa imezimwa ipate kupoa, na kwa mara moja ua wote ulikuwa kimya. Scovia, mjukuu wa Mama Keji, ambaye mchana huuza chai nje ya uwanja wa ndege, akaweka kidole sikioni.

"Anko, hiyo kitu yako inalia."

"Inalia nini?"

"Inalia tu. Iiiii! Kama mbu imeingia kwa masikio."

Mwangi akainama, akaweka sikio juu ya vibonye. Hakusikia kitu. Akageuza sikio la pili. Kimya kitupu.

"Scovia, wacha mchezo. Hii ni mpya, hata nailoni sijatoa."

"Mimi pia hapana sikia," alisema Mama Keji kutoka mkekani.

"Umeona? Mama mwenyewe hasikii!"

"Haboba iko mzee, anko!" alisema Scovia, maana kwa Kiarabu cha Juba bibi ni haboba.

Marino akaja kuangalia kitu kipya, kwa sababu Marino hapitwi na kitu kipya. Alikuwa na banda la kuonyesha mpira na kuchaji simu za mtaa mzima. Hakuulizwa, lakini alikunja uso. "Walai, inapiga mluzi." Watoto wa jirani nao wakasema inapiga mluzi, wakaanza kuuigiza, kila mmoja kwa sauti yake, mpaka mbwa akabweka. Mwangi akafunga laptop, akaingia nayo chumbani. Aliona wivu umejaa ua mzima, na ajabu ni kwamba ulikuwa umewapata hadi watoto wadogo.

Kesho yake asubuhi, kabla majenereta ya Buluk hayajaanza kunguruma, alimkalisha Mama Keji mbele ya maiki ya laptop, na bibi akaimba mistari ya mwanzo. Mwangi alisikiliza huku machozi yakimlengalenga, ingawa Kikuku alikuwa anajua maneno ya kusalimia tu. Kisha wakaipeleka kazi bandani kwa Marino, wakaunganisha laptop na spika zake kubwa. Scovia akaziba masikio yote mawili. Marino akapunguza sauti haraka.

"Anko, malesh, samahani," alisema Scovia. "Haboba iko ndani, lakini mbu iko juu yake. Nani atasikiliza hii?"

"Nyinyi mmekula njama!"

"Njama ya nini? Mimi nataka hii wimbo kuliko wewe. Mimi iko ndani yake!"

Hilo lilikuwa kweli. Mwangi akaitazama laptop. Programu ilikuwa ikichora sauti ya Mama Keji kama vilima na mabonde, na Mwangi alijua, maana binamu alimfundisha, kwamba mtu akinyamaza mstari hulala chini, mwembamba kama uzi. Akatafuta pale Mama Keji alipovuta pumzi. Mstari haukulala. Ulibaki mnene, unatetemeka, kitu kinapiga kelele palepale ambapo yeye alisikia kimya. Mwenye macho haambiwi tazama.

Akaketi juu ya kreti ya soda. Akazikumbuka zile ndege za Lokichoggio, mwaka baada ya mwaka, injini zinawaka huku wao wanapakia mbio mbio, pamba masikioni ukiipata, na mara nyingi huipati. Hakuwahi kujiona kiziwi. Watu aliwasikia, redio aliisikia, hata minong'ono ya Scovia kuhusu soksi zake aliisikia vizuri sana. Kumbe kule juu, kwenye sauti nyembamba, mlango ulikuwa umeshafungwa na yeye hana habari. Akaona haya, akaona pia huzuni kidogo, kama mtu aliyeambiwa kwamba shati lake limechanika mgongoni tangu asubuhi.

Alimwendea Mama Keji akamwambia ukweli. "Mama, ni masikio yangu. Mlio uko."

"Wewe na mimi sasa iko sawa," alisema bibi, akamshika mkono. "Mimi nilisema hawa watoto nacheza na sisi. Usilie. Kitu ya kusikia iko mingi."

Mwangi alicheka bila kupenda. Lakini Jumamosi haikucheka na mtu. Nairobi palikuwa mbali kuirudisha laptop, kwa hiyo akaipeleka kwa fundi mmoja sokoni Konyo Konyo. Fundi aliipokea, akaigeuza, akaichomeka, akaiwekea sikio. Nyuma ya kibanda chake majenereta yalikuwa yamepangwa kama ng'ombe zizini, yote yananguruma, na mbele yake lori la kampeni lilikuwa likimsifu mgombea kwa vipaza sauti vinne.

"Haina shida!" fundi alipiga kelele.

"Ina mlio mwembamba!"

"Ina nini?"

"Mlio!"

"Mafi! Hakuna kitu! Nzima kabisa!"

Mwangi akaichukua laptop yake nzima kabisa, akarudi nayo Buluk, na huko mlio ulikuwa ukimsubiri. Scovia aliusikia kabla hajafungua begi vizuri. Wakajaribu kuifunika kwa blanketi, mlio ukatoka, na Mama Keji naye akatoka kama mtu anayeimba chini ya kitanda. Wakajaribu kurekodi jenereta ya Marino ikiwa imewashwa, maana hapo hakuna aliyesikia mlio. Hakuna aliyemsikia Mama Keji pia.

"Jenereta ikizimwa, mbu inaimba," alisema Scovia. "Jenereta ikiwaka, jenereta inaimba. Haboba ataimba saa ngapi?"

Siku iliyofuata Mwangi alikwenda kazini na laptop begani, moyo mzito. Akaichomeka katika ofisi ya mizigo ipate kujaa chaji, akaanza kuangalia tena ile michoro, kana kwamba kuitazama kutaitibu. Ndege ya Entebbe ilikuwa imeondoka, ya Nairobi haijafika, na uwanja wote ulikuwa umetulia. Scovia akaingia na chai, akaweka kikombe mezani, akasimama.

"Anko, umetengeneza?"

"Nimetengeneza nini?"

"Hiyo kitu. Imenyamaza."

Mwangi alimtazama kama anayetazama malaika mwenye birika. "Imenyamaza kabisa?"

"Kabisa kabisa."

Akaanza kuigusa hapa na pale, akiogopa kuipumulia. Akafungua hiki, akafunga kile, macho yake yakiwa usoni kwa Scovia. Uso ulikuwa shwari. Akaiinua ampelekee karibu, na waya wa chaja ukachomoka. Pua ya Scovia ikajikunja.

"Imerudi!"

Akachomeka. Uso ukalainika. Akachomoa, pua ikajikunja. Akachomeka, akachomoa, tena na tena, mpaka Scovia akamwambia uso wake si swichi.

Basi, laptop ile ililia ilipokuwa ikitumia betri, na ilipochomekwa kwenye umeme ilinyamaza. Kwa nini, Mwangi hakujua, na mimi sitajifanya najua. Alichokijua ni kwamba Buluk nzima ilikuwa imepofushwa na mazoea. Mtaani kwao umeme ni jenereta, na jenereta iko hapo hapo chini ya dirisha. Ukiwa na umeme una kelele, na ukipata kimya ujue huna umeme. Vitu hivyo viwili havikuwahi kukaa pamoja katika ua ule hata dakika moja. Nani angefikiri kuijaribu laptop kwenye umeme ulio kimya, mahali ambapo umeme ulio kimya haujazaliwa? Hapa uwanjani jenereta kubwa ilikuwa nyuma kabisa ya ghala, na ndiyo iliyofichua siri.

"Scovia," alisema, "mtaani kuna ekstensheni ngapi?"

Jioni ile walipita nyumba kwa nyumba. Wa kwanza alikuwa Marino, naye alikataa. Jenereta yake ihamishwe hadi uwanja wazi ule wa mwisho wa mtaa? Na banda lifungwe Ijumaa mchana, siku ya mpira? Haiwezekani. Wateja watamchinja.

Mama Keji alikuwa amewafuata polepole na fimbo yake. Hakubishana. Aliinua sauti tu, akauimba mstari mmoja, pale pale mlangoni, mbele ya wateja wote waliokuwa wakisubiri simu zao. Scovia akacheka hadi akajishika ukuta. Wateja waliojua Kikuku wakapiga vigelegele.

"Anasema nini?" Mwangi aliuliza.

"Anasema Marino alikuja miguu kwanza, matako pili, na baba yake alikimbia akajificha kwa choo ya jirani. Nikampokea."

"Kalas, haboba, kalas!" Marino aliinua mikono. "Chukua jenereta. Chukua hata banda."

Na baada ya hapo hakuna aliyekataa. Nusu ya mtaa ule walikuwa wamo ndani ya wimbo, na wale ambao hawakuwamo walikuwa wameoa au kuolewa na waliomo. Ijumaa mchana ekstensheni zilitoka kila mlango: nyeupe, nyeusi, za kuviringishwa, na nyingine zilizofungwa kwa plasta ya kidonda. Yangi kinyozi alileta ya kwake, ndefu kuliko zote, na nyuma yake akaja mteja wake, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, akinung'unika kwamba naye atasubiri basi, atafanya nini. Lomoro, ambaye ana duka la vinywaji, alizima friji zake na kukaa juu yazo kama anayelinda kaburi. Majirani waliunganisha ekstensheni moja kwa nyingine, wakazitundika juu ya nyua na matawi ya mwarobaini ili mbuzi wasizitafune, na pale zilipokutana wakazifunika kwa mifuko ya nailoni, maana wingu lilikuwa limetanda. Jenereta ya Marino ilisukumwa kwa toroli hadi mwisho wa uwanja. Ilipowashwa kule, kwenye ua wa Mama Keji ilisikika kama mtu anayekoroma nyumba ya kumi.

Kisha, jenereta moja baada ya nyingine, Buluk nzima ikazimika. Watu wakatazamana. Wengi wao hawakuwahi kusikia mchana wa mtaa wao. Kulikuwa na njiwa. Kulikuwa na mtu anasonga ugali mahali fulani, na mwiko ulisikika.

Mwangi akaichomeka laptop. Taa ndogo ikawaka. Akamtazama Scovia, ambaye alikuwa amekaa mbele yake kwa kazi hiyo moja tu. Scovia akafumba macho, akasikiliza, akayafumbua.

"Tamam, iko sawa," alinong'ona.

Mama Keji akanywa maji, akaweka kikombe chini, akaanza.

Aliimba muda mrefu. Kila mstari ulipomfikia mwenyewe, aliyekuwa ameketi ukutani au juu ya ndoo alijua, akainamisha kichwa, na wengine wakamsukuma kwa kiwiko bila kutoa sauti, kwani waliapa kutotoa sauti. Mteja wa Yangi naye kumbe alikuwemo. Alishika ile nusu ya nywele yake kwa mikono miwili, akalia kimya kimya. Mstari wa Scovia ulikuwa mfupi na wa upole, na ndani yake palikuwa na jina la mama yake, ambaye hakurudi kutoka Adjumani. Scovia alifunika mdomo, lakini uso wake hakuugeuza. Aliendelea kusikiliza kwa ajili ya Mwangi, kama alivyoahidi. Mwangi naye hakuondoa macho pale. Alihofia ekstensheni, alihofia mvua, alihofia mbuzi, alihofia hata pumzi yake mwenyewe.

Kwenye mchoro, kila Mama Keji alipovuta pumzi, mstari ulilala chini, mwembamba kama uzi.

Hatimaye alifika mwisho. Watu waliujua mwisho, kwa sababu mtoto wa mwisho wa kambi alikuwa Koang, pale pale ukutani, na Koang alishainamisha kichwa. Mwangi akanyoosha kidole azime. Mama Keji akamshika mkono, akamzuia, akaimba mstari mmoja zaidi. Ukaishia na neno lile lile.

Ua ukalipuka. Kiapo cha kimya kilikufa hapo hapo. Vigelegele, makofi, watu wanampiga Mwangi mgongoni, Marino anapiga debe, na yote hayo yakaingia kwenye rekodi na yamo hadi leo.

"Amesema nini?" Mwangi alipiga kelele. "Scovia! Amesema nini?"

Scovia alikuwa anafuta macho na kucheka kwa wakati mmoja. "Anasema: Mwangi alikuja Buluk na ndevu tayari, Ijumaa ya nyaya. Masikio yake alisahau kwa ndege. Nikampokea."

Mwangi akapiga magoti mbele ya stuli ya yule bibi, mtu mzima wa kubeba magunia, akaweka kichwa chake mapajani pake, na Mama Keji akakipapasa kama anavyopapasa mkunga kujua kama mtoto amekaa sawa.

Jumamosi lori liliondoka na Mama Keji akiwa mbele karibu na dereva, mbegu za karanga mapajani. Kila nyumba ilipata nakala yake ya wimbo kwenye diski, na kwa wiki nzima banda la Marino halikuonyesha mpira ila baada ya kuupiga wimbo ule kwanza.

Siku hizi Mwangi akitoka kazini huketi uani na laptop, bila chaja, majenereta yakiwa yamepumzika, akiusikiliza wimbo ule. Wenzake wa nyumbani hawavumilii.

"Anko!" Scovia hupiga kelele kutoka jikoni. "Chomeka hiyo kitu! Mbu inatuua!"

"Mbu gani?" Mwangi hujibu, na hapo hatanii. Yeye humsikia Mama Keji tu, peke yake, hadi mstari wa mwisho.